Vumbi la Asubuhi ya Idi

Msimu wa salfa ukifika Mnyambe, hata mgeni aliyeletwa amefungwa kitambaa machoni atajua yuko wapi. Harufu ile ya kiberiti huingia kwenye nguo, kwenye uji, kwenye nywele za watoto. Mikorosho inachanua, ugonjwa wa ubwiriunga unayanyemelea maua, na mashine za kupulizia zinaanza kunguruma alfajiri kabla umande haujakauka, maana unga wa salfa hunata vizuri kwenye jani lenye unyevu. Wapulizaji hurudi saa tatu wamekuwa wa manjano mpaka kwenye kope. Basil, mdogo wake Veridiana, alipuliza misimu minane. Msimu wa tisa hakuumaliza.

Alianza na kikohozi, kama wote. Kikohozi kikashuka kifuani, kifua kikaanza kulia usiku kucha, na mwisho akalazwa hospitali siku kumi na moja. Veridiana ndiye aliyemuuguza. Kinachomrudia mpaka leo ni kile kibanio chenye taa nyekundu walichombana nacho kidoleni, kinachopitisha mwanga kwenye nyama na kusoma hewa iliyomo kwenye damu. Tisini na moja. Themanini na sita. Sabini na tisa. Alikuwa akiziangalia namba badala ya kumwangalia ndugu yake, na hilo hajajisamehe.

Sasa, msiba ungekuwa msiba tu, watu wakalia, wakazika, wakatawanyika. Lakini miezi miwili kabla ya kuugua, Basil alikuwa amegombana na mjomba wake, mzee Yeremia. Na kwa Wamakonde wa uwandani, huku juu, mjomba si mtu wa pembeni. Watoto wa dada ni watoto wake, na shamba lake huenda kwa mpwa. Basil alitaka agawiwe mikorosho yake mapema, mzee akakataa, na katika kukataa akatamka mbele za watu kwamba shamba hili mpwa huyu hatalila. Hasira za mzee tu, nani hajawahi kusema zaidi ya hapo? Ila Basil alipokufa, neno lile likaota miguu, likazunguka kijiji kizima.

Hakuna aliyemshitaki mzee Yeremia, wala aliyemgusa. Watu waliacha tu kula kwake. Wakaacha kupitisha habari mlangoni pake. Siku ya kumaliza tanga alinyoosha mkono kutoa pole, na mikono ya watu ikawa na shughuli nyingine. Midomo ya watu, jamani, haihitaji hakimu wala karani.

Aliyekaa katikati ya moto huo ni Mama Isabela, mama yao Basil na Veridiana, ambaye ni dada wa mzee Yeremia, tumbo moja, ziwa moja. Yeye hakusema kwamba anaamini, wala hakusema kwamba haamini. Aliacha kumtaja kaka yake, basi. Nyumba zao zimetenganishwa na kinjia kimoja cha baiskeli, na kwa miaka miwili walikuwa wakipishana pale kama abiria stendi.

Ndiyo maana utafiti ulipokuja, Veridiana hakuuliza mara mbili. Dokta Oliva, bingwa wa mapafu, alikuwa amepanga vyumba viwili Masasi mjini, na alitaka kujua salfa inawafanya nini wanaoipuliza. Alikuja na wenzake wawili. Upendo alikuwa mtaalamu wa misitu. Huyo aliingia kwenye kipande cha msitu kilichobaki mteremkoni, akawa anahesabu zile ndevu za kijivu zinazoota kwenye magome ya miti, ambazo wenyewe huziita likeni. Hewa ikichafuka, ndevu hizo hukonda kabla mtu hajakohoa. Faruku alikuwa mtu wa vipimo vya mwanga. Alifunga juu ya nguzo, pembeni mwa mashamba, kisanduku kisichozidi redio kwa ukubwa. Ndani yake kulikuwa na mwali mwembamba wa mwanga, na kila chembe iliyopita kwenye mwali ule iliutawanya kidogo, kisanduku kikahesabu.

Veridiana aliwahi kufundisha sayansi kwa kujitolea shule ya msingi, na anaandika mwandiko unaosomeka, kwa hiyo wakampa kazi ya kutunza kisanduku na kujaza fomu kila siku: nani amepuliza, shamba gani, upepo unatoka wapi, kuna mvua au unyevu kiasi gani. Kwa hilo la mwisho Faruku alimwachia kopo lenye mistari, akamsihi sana asiache kuliangalia. Kila asubuhi Veridiana alichungulia kopo. Kavu. Akaandika sifuri. Fomu themanini na tatu, sifuri themanini na tatu.

Habari zilianza kuwa nzuri mapema, kama unaweza kuziita nzuri. Kila alfajiri, saa zile zile mashine zinapoanza kunguruma, hesabu ya vumbi ilipanda mpaka Faruku akapiga mluzi. Dokta Oliva akawa mchangamfu. Akapanga siku ya mkutano wa kijiji, Jumamosi, aje awasomee watu wenyewe matokeo kabla hayajapelekwa kwa wakubwa. Veridiana akayabeba maneno hayo mbiombio hadi kwa mama yake, akamwambia kwamba wataalamu wako karibu kusema ni salfa iliyomuua Basil, salfa na si mkono wa mtu. Mama Isabela alikuwa akipepeta mtama. Aliweka ungo chini.

"Karatasi yao ikisema hivyo mbele za watu," alisema, "nitavuka njia niende kwa kaka yangu. Nitampigia magoti."

Mtoto gani atasikia hayo kwa mama yake asitake karatasi iseme? Veridiana alilala siku hiyo akiwa mwepesi. Mzee Yeremia naye zilimfikia habari, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alionekana dukani akinunua wembe na sabuni.

Jumatano ile, siku tatu kabla ya mkutano, Veridiana aliteremka Masasi kusaidia kuhakiki fomu. Walikuwa watatu mezani, yeye, Faruku na Upendo, na kila mmoja na karatasi zake. Upendo ni mtu wa utani. Aliinua fomu moja, akamtazama Veridiana juu ya miwani, akamuuliza: Mama Witness, mbona kwako kukavu hivi? Ndevu zake kule msituni zimenenepa, zimelowa, ukiziminya asubuhi unapata maji ya kunawa uso, na zile hazina mizizi. Zinakunywa ukungu, hazina kisima kingine. Sasa ukungu huo fomuni umeingia wapi?

Faruku akacheka. Veridiana naye akacheka, halafu akaivuta ile fomu kwake, akaisoma upya.

Ukungu wa Mnyambe miezi ile mtu hamwoni mbuzi wake hatua kumi. Lakini nani uwandani anauita maji? Hawa ni watu ambao bibi zao waliteremka bondeni na mitungi, wakapanda nayo nusu siku nzima, tone likimwagika mtu anasononeka. Kwao maji ni kile kinachoingia kwenye ndoo. Ukungu haujazi ndoo, haujazi pipa, na kwenye kopo la Faruku haukuacha hata alama. Ukungu ni asubuhi tu. Veridiana angemwandikia nini, kwamba asubuhi kulikuwa na asubuhi?

Alimuuliza Faruku, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, kama kisanduku kinaweza kutofautisha chembe ya salfa na tone dogo la ukungu. Faruku akajibu huku akiendelea kuandika kwamba hakiwezi, mwanga hutawanyika vile vile, ndiyo maana akaweka safu ya unyevu kwenye fomu. Kungekuwa na ukungu asubuhi hizo zote, hesabu ingekuwa ya kutupa. Bahati nzuri kulikuwa kukavu. Kisha yeye na Upendo wakatoka kwenda kula.

Veridiana alibaki na kompyuta. Aliitafuta siku moja tu, asubuhi ya Idi ya kuchinja. Siku hiyo fomu hakujaza, maana alikuwa kwa jirani yake Shakila tangu alfajiri akisaidia kuchambua mchele wa pilau, na Faruku aliiweka kama siku ya kawaida kwa kuwa hakujua. Ila Veridiana anajua, na Mnyambe nzima inajua, kwamba asubuhi ya Idi hakuna aliyepuliza. Wapulizaji wanne wa upande ule watatu walikuwa kwenye swala, na wa nne, Mkristo kama Veridiana, hakuwa mjinga wa kupuliza siku ambayo kila nyumba ina sufuria jikoni. Hakuna mashine iliyowashwa, hata moja.

Hesabu ilikuwa imepanda vile vile. Saa kumi na mbili, saa moja, juu kabisa, kama siku nyingine zote. Saa tatu, jua lilipotoka na ukungu kuyeyuka, ikaporomoka.

Alikaa pale mpaka waliporudi na hakusema kitu. Tumlaumu? Mlaumu wewe. Kichwani mwake maneno yalikuwa yanapangwa upesi kuliko alivyotaka. Siku moja tu. Hakuna atakayeigundua. Hata ikiwa ukungu, salfa nayo si ipo, si inaonekana kwa macho, si inawajaa watu puani? Atakuwa amedanganya nini hasa? Na upande wa pili kuna mzee mmoja aliyenunua wembe, na mama mmoja atakayevuka njia. Alipanda gari la jioni kurudi Mnyambe huku amefumba macho njia nzima, na hakuwa na usingizi.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa mjomba wake. Alimkuta akipalilia chini ya mikorosho, shati limelowa mgongoni kwa huo huo ukungu. Akamwamkia shikamoo, mzee akaitika marahaba, akaegemea jembe. Veridiana akamweleza yote, kopo, sifuri, kisanduku, Idi. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kurukia mbele, lakini mzee Yeremia alikuwa amelima kwenye ukungu ule miaka sitini na hakuhitaji kurudiwa. Akauliza jambo moja, kama kuna mwingine anayejua. Veridiana akasema hakuna. Ukinyamaza, mzee akasema taratibu, Jumamosi watasoma kwamba ni salfa. Ndiyo, Mjomba. Na mama yako atakuja kwangu. Ndiyo.

Mzee aliinua jembe, akalikwangua udongo kwa kidole gumba. Veridiana alingoja aambiwe anyamaze. Aliomba moyoni aambiwe anyamaze, ili dhambi iwe ya wawili.

"Nikuulize, mwanangu," mzee akasema. "Wewe ulikwenda kufanya kazi kwa hao watu ili ujue, au ulikuwa unajua tayari?"

Hakuelewa, au alijifanya haelewi.

"Uliwahi kuamini kwamba ni mimi?"

Hapo ndipo alipotamani ardhi ipasuke. Kwa miaka miwili alikuwa anajiambia kwamba yeye ni mtetezi wa mzee huyu, yeye msomi, yeye asiyeamini mambo ya kishirikina. Lakini mtu anayejua kwamba mjomba wake hana hatia hahitaji kisanduku juu ya nguzo. Mtu huyo angekwenda tu kumtembelea. Na yeye lini alikwenda? Alipita kwa mbali, akasalimia akitembea, akamtuma mwanawe Witness na sahani ya chakula sikukuu ya Noeli ili asiende mwenyewe. Usiku mwingine alipoamka aliliona neno lile, hatalila, limesimama mlangoni, na akalala tena akiwa ameligeuzia mgongo bila kulifukuza.

"Ndiyo, Mjomba," alisema. "Sikuwa na hakika. Niliamini kidogo."

Mzee Yeremia alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyokwisha kuijua. Hakumfokea, na ingekuwa afadhali angemfokea. Alisema tu kwamba wengine wote miaka hii wanamwambia hapana, hawajawahi kuamini, na hawamwangalii usoni wakisema hivyo. Kisha akashika jembe. Kuhusu wale wenzake wa Masasi, akasema, awaambie kama ilivyo. Yeye hataki kutolewa kwenye uongo mmoja kwa kuingizwa kwenye mwingine. Ameshachoka kukaa humo. Akaendelea kupalilia, na Veridiana akaondoka akilia waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

Alimpigia simu Faruku adhuhuri. Faruku aliuliza kama ana uhakika na Idi, akajibu aulize mtu yeyote. Dokta Oliva ndiye aliyempigia jioni. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekaa chini ghafla, lakini hakumgombeza. Alisema msimu mzima wa hesabu za alfajiri umekwenda na maji, watarudi mwaka kesho na kifaa kinachokausha hewa kabla ya kuipima, na mkutano utakuwepo kama ulivyopangwa kwa sababu watu wameahidiwa.

Jumamosi uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Watu walikuwa wamesikia kwamba leo itajulikana, na watu wakisikia hivyo hata mwenye homa hutoka. Wanawake walikaa kwenye majamvi, Mama Isabela mbele kabisa amejifunga kitenge chake cha kanisani. Mzee Yeremia alikuwa amenyoa. Alikaa kwenye benchi la pembeni, benchi la watu watano, peke yake.

Dokta Oliva hakuzunguka. Alisema wapulizaji waliopimwa, mapafu yao wengi ni dhaifu kuliko ya wasiopuliza, na ndevu za miti upande wa mashamba zimekonda kuliko za ndani ya msitu. Kwa hiyo wajifunike pua na mdomo vizuri, na wasipulize upepo ukielekea nyumbani. Ila ile hesabu ya vumbi ambayo walisikia habari zake imeharibika. Kifaa kilihesabu ukungu. Hawawezi kusimama juu yake kusema salfa imefanya hili au lile.

Mama mmoja wa nyuma akauliza kile ambacho wote walikuja kukiuliza. Kwa hiyo Basil alikufa na nini?

"Mama, kwa vipimo tulivyonavyo," alisema Dokta Oliva, "hatujui."

Vichwa vikageuka. Si vyote kwa pamoja. Kimoja hapa, kimoja pale, taratibu, kuelekea benchi la pembeni. Mzee Yeremia aliangalia miguu yake. Mama Isabela hakugeuka, lakini mgongo wake ulikuwa umekauka kama mbao.

Veridiana akasimama. Hakuwa ameombwa, na mwenyekiti alitaka kumkalisha, akamwacha.

"Aliyeandika kwamba hakuna unyevu ni mimi," alisema. "Kosa hilo ni langu, wataalamu hawana kosa. Nina kosa jingine. Tangu ndugu yangu afe, mimi pia nilimshuku Mjomba. Sikusema, lakini nilimshuku. Nikaitafuta mashine iniambie kwamba hakufanya. Mashine haijasema, na mwaka kesho huenda isiseme tena. Mimi siwezi kungoja. Sina ushahidi wowote wa kuwapa. Huyu ni mjomba wangu, na mimi naomba msamaha."

Alikuwa na maneno mengine aliyoyapanga usiku kucha, yakamtoroka yote. Mtu mmoja akaguna. Wengine wakawa wanavuta nguo zao na kukaa sawa. Hakuna aliyepiga makofi, hii si hadithi ya makofi. Mwenyekiti akakohoa, akauliza kama kuna swali lingine kuhusu salfa.

Veridiana hakurudi kwenye kiti chake karibu na wataalamu. Alipita mbele ya majamvi, mbele ya mama yake, akaenda mpaka kwenye lile benchi. Akapiga goti, akamshika mjomba wake mkono kwa mikono yake miwili, na mkono wa mzee ulikuwa wa baridi. Kisha akakaa kando yake, karibu, bega kwa bega, ingawa benchi lilikuwa na nafasi ya kutosha.

Mtu mmoja aliuliza kuhusu bei ya vitambaa vya kufunika pua. Dokta Oliva akaanza kujibu.

"Mama yako anatuangalia," mzee Yeremia akasema chini chini, midomo haichezi.

"Namwona, Mjomba."

"Amekasirika?"

Veridiana akamtazama mama yake vizuri. Mama Isabela alikuwa amegeuka mzima mzima kwenye jamvi, ameupa mkutano mgongo, mkono mmoja mdomoni, na macho yake hayakuwa kwa binti yake hata kidogo.

"Hapana," alisema. "Anakuangalia wewe."